Kamera ya joto ya zimamoto: uandike nini kwenye zabuni?

SWALI: Mimi ni mkuu wa kikosi cha zimamoto chenye magari matatu. Tumepata fedha za kununua kamera za joto za mkononi, nami nimeagizwa kuandika vigezo vya kiufundi vya zabuni. Wauzaji wawili wameshaniletea vipeperushi. Wa kwanza anasifia pikseli 640 kwa 480 na kipimo cha joto hadi nyuzi 1,000, ila kamera yake inatoa picha 9 kwa sekunde. Wa pili ana pikseli 320 kwa 240, picha 60 kwa sekunde, na bei yake iko juu zaidi. Mhasibu wetu anauliza kwa nini tulipe zaidi ili tupate pikseli chache. Nimjibu nini? Na niandike nini ili nisije nikaletewa kamera ya mafundi umeme?

JIBU: Kamanda, mhasibu wako ana haki ya kuuliza. Mjibu kwamba kamera ya kwanza hutoa picha nzuri ikitulia, na askari wako hawatatulia. Picha 9 kwa sekunde maana yake skrini inabadilika kila sehemu ya tisa ya sekunde. Fundi anayekagua swichi ukutani hilo halimsumbui, kwa sababu swichi haiendi popote. Askari anatambaa gizani huku akiizungusha kamera kutoka kona hadi kona. Akigeuka digrii 90 kwa sekunde moja, kila picha inaruka digrii 10 kutoka ile iliyotangulia. Skrini inajaa michirizi, naye hajui tena mlango alioupita uko wapi. Kwa hiyo andika: "picha zisizopungua 30 kwa sekunde kama zinavyoonekana kwenye skrini." Maneno hayo ya mwisho yana kazi yake, maana kihisi kinaweza kuwa chepesi lakini uchakataji ndani ya kamera ukakichelewesha.

Hiyo 9 nayo ina historia yake. Nchi nyingi zinazotengeneza vihisi hivi huvidhibiti kama teknolojia yenye matumizi ya kijeshi, na kamera isiyozidi picha 9 kwa sekunde hupita kwa masharti mepesi zaidi. Ukitaka yenye kasi, muuzaji anaweza kuhitaji kibali cha kusafirisha bidhaa na barua yako inayotaja nani ataitumia na kwa kazi gani. Weka jambo hilo kwenye ratiba ya zabuni mapema, na umtake mzabuni aeleze nani anafuatilia kibali. Nimeona mikataba ikikwama bandarini kwa ajili ya karatasi hiyo moja.

Pikseli sasa. Hazidharauliki, ila zipigie hesabu pamoja na upana wa eneo linaloonekana. Chukua lenzi inayoona digrii 50 kwa upana. Umbali wa mita 10, upana huo ni kama mita 9.3. Ukiugawa kwa pikseli 320, kila pikseli inabeba karibu sentimita 3. Ukiugawa kwa 160, karibu sentimita 6. Kiganja cha mtu kilichojitokeza chini ya kitanda kinapata pikseli tatu kwenye kamera ya 320, na kwenye ya 160 hata mbili hazitimii. Ndiyo maana kwa kamera ya msako nisingekubali chini ya 320 kwa 240. Pikseli 640 kwa 480 zina faida ya kweli ukitazama kutoka mbali, mfano paa la ghala au uwanja wa matangi. Ndani ya chumba chenye moshi, kwenye skrini ya inchi tatu na nusu inayotazamwa kupitia barakoa yenye ukungu, nyingi ya faida hiyo hupotelea njiani. Uwezo wa kutofautisha nyuzi 0.05 au pungufu uutaje kama sharti la chini tu. Karibu kila mzabuni makini ataufikia, na kuugawia alama za ziada ni kupoteza alama.

Kitu ambacho vipeperushi hukipita haraka, nami ningekitilia mkazo kuliko vyote, ni kamera inavyofanya pale moto na mtu wanapokuwa kwenye picha moja. Mwili wa mtu una nyuzi thelathini na kitu. Gesi na dari nyuma yake zinaweza kuwa na nyuzi mia kadhaa. Kamera nyingi za zimamoto hukabili tofauti hiyo kwa ngazi mbili: ngazi ya wepesi mkubwa wa kuhisi joto, inayofika takriban nyuzi 150, na ngazi ya wepesi mdogo wa kuhisi, inayofika 600 au zaidi. Ikihamia ngazi ya pili, miale ya moto inaonekana vizuri lakini vitu vya joto la kawaida vinafifia kuwa kivuli kimoja, mtu akiwemo. Kamera duni hufanya hivyo mara tu ncha ya moto inapoingia pembeni mwa picha. Kwenye vigezo taka mambo matatu: kuhama kuwe kwa kujiendesha, alama ionekane kwenye skrini kila ngazi inapobadilika, na mtu aliyelala aendelee kutambulika wakati chanzo cha moto kimo ndani ya picha hiyohiyo. Hili la tatu halina nambari ya kuandika. Linapimwa kwa majaribio, nitayafikia.

Ipo pia tabia ya picha kuganda kwa muda mfupi kamera inapojisawazisha, mara nyingi kwa sauti ya "tik" ya kifuniko kidogo cha ndani. Ni kawaida. Uliza inatokea mara ngapi na inachukua muda gani, kisha uwafundishe askari wasitembee wakati picha imeganda.

Sasa zile nyuzi 1,000. Kuchagua kamera kwa nambari hiyo ni sawa na kuchagua gari kwa nambari ya mwisho kwenye spidomita. Kamera hizi hupokea mionzi ya infraredi ya maikromita 8 hadi 14 na kukadiria joto la uso ulioelekezewa. Hazipimi joto la hewa ambayo askari amepiga magoti ndani yake. Bati au alumini inayong'aa hurudisha mionzi ya vitu vingine, hivyo inaweza kusomeka baridi huku inaunguza. Kioo cha dirisha hakipitishi mionzi hiyo: ukikielekezea kamera utasoma joto la kioo lenyewe, au utaona taswira yako. Maji nayo huizuia, hata tone lililokaa kwenye lenzi. Halafu doa linalopimwa hupanuka kadiri unavyokuwa mbali, na nambari unayoisoma ni wastani wa kila kilichomo ndani ya doa hilo. Nambari ya joto ibaki kwenye vigezo kama nyongeza, na iweze kuzimwa. Ningependa zaidi rangi: manjano, chungwa, nyekundu kadiri joto linavyopanda, zikianzia kwenye joto la juu tu. Kamera inayopaka rangi kila kitu tangu joto la mwili hupendeza dukani na kumchanganya askari kazini.

Kuhusu uimara, usitunge majaribio yako mwenyewe. Kiwango cha NFPA 1801, cha chama cha Marekani cha kinga dhidi ya moto, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2010 na sasa kimeunganishwa ndani ya NFPA 1930, kiliandikwa kwa ajili ya kamera hizi hasa. Kinataka kamera ivumilie nyuzi 260 kwa dakika 5, iangushwe kwenye zege kutoka mita 2, izungushwe ndani ya pipa kwa saa 3, na izamishwe majini. Hizo 260 hazikutoka hewani: NIST, taasisi ya Marekani ya viwango na teknolojia, ilipogawa mazingira ya moto kwa ajili ya vifaa vya elektroniki vya zimamoto, daraja la tatu lilikuwa nyuzi 260 kwa dakika 5, na la nne, yaani juu ya hapo, lilihesabiwa chini ya dakika moja. Kiwango hicho kinataka pia hali ya msingi ya matumizi, ili askari akiwasha kamera ya kampuni yoyote aone picha anayoielewa. Kama mnaazimana askari na vikosi jirani, hilo lina thamani kubwa.

Angalia maneno ya mzabuni hapa. "Imebuniwa kwa kuzingatia NFPA 1801" si sawa na "imethibitishwa kwa NFPA 1801". NFPA yenyewe haithibitishi bidhaa. Uthibitisho unatoka kwa taasisi huru ya upimaji. Dai nakala ya cheti chenye jina la taasisi hiyo, modeli ileile unayouziwa, na toleo la kiwango lililotumika. Kama fedha hazitoshi kwa kamera yenye cheti kamili, ni uamuzi wako, lakini ufanye ukijua unachokiacha. Dai angalau ripoti ya maabara ya joto na ya kuanguka. IP67 peke yake haitoshi: inahusu vumbi na maji, haisemi neno juu ya joto.

Kama eneo lako lina ghala la mafuta au mitambo ya gesi, ongeza sharti la usalama kwenye hewa inayoweza kulipuka, kwa cheti cha ATEX (cha Ulaya) au IECEx (cha kimataifa) au kinacholingana nacho, na utaje kanda ya hatari. Usiandike tu "isiyolipusha". Betri nayo iwe ndani ya cheti hicho.

Mengine ni ya mkononi. Kitufe kikubwa cha kuwasha kinachobonyezeka ukiwa na glavu nene. Betri inayobadilishwa bila bisibisi. Betri mbili kwa kila kamera, na kila moja idumu saa mbili au zaidi huku kamera ikifanya kazi. Chaja ya kufungwa kwenye gari, yenye volti za magari yenu. Kagua, maana mengine ni 12 na mengine 24. Kamba ya kujikunja ya kuifunga kwenye vazi. Kioo cha mbele cha kukinga lenzi kiweze kubadilishwa peke yake, kwa sababu lenzi hizi ni za elementi ya jerimani (germanium), si za kioo cha kawaida, na ni ghali. Kurekodi video kunasaidia mafunzo, kuchukue alama kidogo. Kurusha picha nje kwa mawimbi kusikupumbaze: zege na chuma huyakata palepale unapoyahitaji.

Kwa magari matatu nisingenunua aina moja tu bila kufikiri. Zipo kamera ndogo za kiongozi, za kumpa picha ya haraka ya njia na watu wake, na zipo kubwa zenye picha ya kuaminika kiasi cha kuamulia pa kuingia au pa kupiga maji. Ndogo haichukui nafasi ya kubwa. Zikiwa mchanganyiko, ziandikie vigezo viwili tofauti, la sivyo mzabuni wa ndogo atashinda kwa bei.

Majaribio yawe sehemu ya zabuni, yatajwe kwenye tangazo ili asilalamike mtu. Chumba kimoja, moshi wa mashine, askari mmoja amelala nyuma ya meza, jiko la umeme lililowaka nyekundu karibu naye. Kamera zote siku moja, wapimaji walewale, wakiwa na barakoa na glavu. Wasiambiwe bei. Waulizwe: umemwona mtu baada ya muda gani? Jiko lilipoingia kwenye picha alibaki au alipotea? Ulipogeuka haraka uliona nini? Wabadilishe betri gizani. Kamera inayoshindwa kumwonyesha mtu itolewe, hata kama pikseli zake ni nyingi mara nne. Jiko la umeme halifiki joto la moto halisi, kwa hiyo jaribio hili linachuja tu. Kama mna chumba cha mafunzo ya moto, waliopita waingie humo.

Kwenye mkataba, tenganisha dhamana ya kihisi, ya mwili wa kamera na ya betri, maana muuzaji hupenda kuandika miaka mingi kwa kihisi na mwaka mmoja kwa betri, kisha akatangaza ile mingi. Taja matengenezo yanafanyika wapi, yanachukua siku ngapi, na kama unaazimwa kamera nyingine wakati huo. Mafunzo yawe kwa kila zamu, si kwa wakuu peke yao. Shehena ikifika, linganisha modeli na cheti, andika namba ya kila kamera, na urudie jaribio la jiko kwa kila moja kabla hujasaini hati ya mapokezi.