Dakika 25, simu kwenye droo
Dada, umeuliza mtu anamalizaje ripoti wakati makundi ya WhatsApp hayanyamazi. Mimi niliokolewa na Pomodoro, mbinu ya Francesco Cirillo, Mwitalia aliyeianza miaka ya 1980 kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 kazi moja tu, 5 za kupumzika. Simu naifungia kwenye droo, kengele natumia saa ndogo ya mezani. Pembeni naweka kauntabuku. Nikikumbuka kununua Luku au kumpigia fundi, naandika mstari mmoja, naendelea na kazi. Kwa kweli hilo daftari limenisaidia kuliko hata saa yenyewe, maana kichwa kinatulia. Jaribu kesho asubuhi, kabla hujafungua barua pepe.