Muulize Mzee wa Seva: Tibia, mlango wa 999 na namba za jicho kubwa

Toleo lililopita niligusia Tibia kwa mstari mmoja tu, nikijua kanda hii yote nimebaki peke yangu niliyewahi kuicheza, kumbe wapi, meseji zimeingia kuanzia Tunduma mpaka Mafinga na nyingine ndefu kuliko ukurasa wenyewe. Basi leo ni Tibia tupu, wa mambo ya chaji za simu mtanisubiri.

Kwa mdogo wangu asiyeijua: ni gemu ya Wajerumani, wanafunzi wanne wa chuo kikuu pale Regensburg waliiwasha tarehe 7 Januari 1997, na mwaka 2001 ndio wakafungua kampuni ya CipSoft. Mnaingia watu kutoka dunia nzima, kila mtu ana mhusika wake, unaua mazimwi, unapanda leveli, ukifa unalia. Unaitazama kwa juu kama unachungulia kutoka darini, picha zake za vijisanduku, na sauti haikuwa nayo kabisa mpaka 2022. Ila ilikuwa nyepesi, inakaa kwenye flashi na kompyuta mbovu inaibeba, ndio maana kwenye kafe zetu ilipenya.

Shikamoo mzee. Enzi hizo niko form two tunatoroka prepo tunaenda kafe pale Mwanjelwa, saa moja jero. Kulikuwa na stori ya mlango ambao bila leveli 999 hupiti, bro wangu akawa anasema ndani kuna mke wa mfalme, mara kuna silaha inaua kwa kuangaliwa tu. Kuna mtu alishaufungua? – Mtoro wa Prepo, Mwanjelwa

Marahaba. Ulishafunguliwa, na hilo ndio linaloudhi. Agosti 2016 mchezaji anayejiita Kharsek alifika 999, wa kwanza tangu gemu ianze, akaenda akapita. Huku nje watu wanamsubiri kama wanasubiri bibi harusi atoke saluni, waandishi wa habari za magemu wakamfuata, jamaa kafunga mdomo, alichokiona hakusema.

Sasa pata picha huyo mtu alifanya nini. Kutoka Rookgaard, kile kisiwa tulichokuwa tunaanzia, unatakiwa leveli 8, ambayo ni pointi 4,200. Panya mmoja anakupa pointi 5, kwahiyo ukiua panya tupu ni panya 840, na nawajua watu wazima na familia zao leo hii ambao walipita kwa panya tupu kwasababu walikuwa wanaogopa matroli. Leveli 999 ni pointi 16,517,199,400. Lile demoni jekundu ambalo wengi wetu tuliliishia kwenye picha linatoa pointi 6,000, gawanya mwenyewe, ni mademoni zaidi ya milioni 2.7. Ugumu wake ni kwamba hesabu ya leveli inakwenda kwa kipeo cha tatu, leveli ikiwa mara mbili pointi zinakuwa karibu mara nane, ndio maana pale mwanzo mlikuwa mnapanda mbio mbio halafu mkifika 20 mnadhani kompyuta imeganda.

Ukiniuliza mimi, mle ndani hamna kitu cha maana. Waliouweka waliandika namba ambayo hawakuwaza kuna binadamu ataifikia, na leo kuna watu wamevuka 2000 na gemu haijabadilika kwasababu ya mlango. Mke wa mfalme msahau.

Kamwene kaka. Mimi nilikuwa msichana peke yangu pale kafe na nilikuwa nawapiga wote, waulize. Nakumbuka maktaba moja chini ya ardhi ina vitabu vya namba tupu, tukazinakili kwenye daftari tukampelekea ticha wa hesabu, akasema hizo ni namba za simu. Hivi zilishasomwa? – Mama Wawili, Kihesa, Iringa

Kamwene dada, na hao uliowapiga mmoja ameniandikia pia ila kaomba nisimtaje.

Hapana, hazijasomwa, na ndio fumbo pekee la Tibia ambalo mimi nalivulia kofia. Maktaba unayosema iko Hellgate, chini ya mji wa Ab'Dendriel. Mle kuna yale majicho makubwa yanayoelea, sisi tulikuwa tunayajua kwa jina la Beholder, baadaye yakabadilishwa yakawa Bonelord. Karibu yote yanakuua kabla hujasema hodi, lakini kuna kizee kimoja kimekunjamana, hicho ukikisalimia kinajibu. Ukikiuliza jina kinasema ni 486486, na kwamba waliokuwa wanakiita Blinky wote wameshakufa. Lugha yao inaitwa 469. Kinakwambia lugha hiyo ni hesabu, na nyie wa macho mawili hamuiwezi kwasababu inazungumzwa kwa kupepesa na macho yako hayatoshi. Neno Tibia kwao ni 1. Na ukikitajia 0 kinakufokea kabisa, kinakwambia ukanawe macho kwa kutamka namba chafu.

Tamu imeanza hapo. Tarakimu ziko kumi, herufi za Kiingereza 26, kwahiyo tarakimu moja haiwezi kuwa herufi moja, lazima ziende kwa mafungu. Mafungu ya ngapi? Mbili mbili? Tatu tatu? Jina 486486 ukiligawa katikati unapata 486 mara mbili, ukaruka kwa furaha ukasema ni tatu tatu, halafu unakumbuka kwamba Tibia ni 1, tarakimu moja peke yake, umerudi sifuri (samahani babu). Tena vitabu vyenyewe havina nafasi kati ya neno na neno, ni namba mwanzo mwisho, ukikosea pa kuanzia kila kitu kinahama. Kuna ile njia ya kawaida ya kuvunja maandishi ya siri, unahesabu ni alama ipi inajirudia sana unasema hiyo itakuwa herufi fulani, lakini njia hiyo inataka ujue kwanza alama moja inaanzia wapi na kuishia wapi, na inataka maandishi mengi, hapa tuna kirafu cha vitabu tu.

Walichokiona waliohangaika nacho ni kwamba mifuatano ile ile ya namba inajirudia kitabu hiki na kile, kama vile vitabu vyote vimekatwa kwenye andiko moja. Wapo wanaosema hiyo ndio dalili kuna maana ndani. Wengine wanasema mtu alipiga kibodi mara moja akaanza kunakili na kubandika. Mimi niko upande wa kwanza lakini kidogo tu, kwasababu mtu anayetaka kujaza rafu harakaharaka hakai chini kumtungia mzee mwenye macho matano maneno yote yale kuhusu lugha yake. Ila pia namjua mwanadamu, anaweza kukaa usiku mzima kutunga fumbo halafu jibu lenyewe hakulitunga.

Akija mtu kukwambia kaivunja, na wanakuja kila mwaka, mwambie akupe sheria yake kisha uipime wewe mwenyewe kwenye kitabu ambacho yeye hakukionyesha. Ukiona inabidi aipinde pinde kila ukurasa ili itoe sentensi, huyo anatunga mashairi. Na ticha mwambie tulijaribu kupiga, hazipatikani.

Mzee kuna jamaa kwenye grupu anauza faili la kukufikisha kwenye Sword of Fury, ule upanga wa Rookgaard unaouona ila hufiki. Buku tano tu. Nitume? – Baridi Kali, Makambako

Usitume.

Upanga upo, unauona kwa macho yako, na njia ya kuufikia kwa miguu haipo. Lakini njia, ukuta, upanga, vyote viko kwenye seva, yaani mashine za wenyewe CipSoft, wewe kwenye kompyuta yako una picha tu. Hakuna faili utakaloliweka Makambako likachimba njia kwenye mashine zao. Litakachochimba ni paswedi yako, na siku hizi tunatumia paswedi moja kuanzia gemu mpaka barua pepe mpaka hela. Wiki ijayo atakuja na Excalibug, ule upanga ambao watu wa ndani ya gemu wanautaja taja na hakuna aliyewahi kuthibitisha kaushika, jibu langu ni hilo hilo.

Salama mkuu? Mwaka 2008 kafe moja Miyomboni nilikuwa na mpiganaji wa upanga leveli 250, niliipata wikiendi moja. Tukiingia tunaanzia kwenye hekalu lina vyumba vya kukurusha popote unapotaka. Juzi nimeingia tovuti ya Tibia nimetafuta jina langu halipo. Wamenifuta? – Komando, Iringa mjini

Salama. Komando, kaa chini kwanza.

Leveli 250 ni pointi 254,237,300. Joka la kawaida linatoa 700. Ni majoka zaidi ya laki tatu na sitini elfu, na wikiendi yote bila kulala ina sekunde 172,800, yaani ulikuwa unaua majoka mawili kila sekunde Jumamosi na Jumapili bila hata kwenda kujisaidia. Kwenye Tibia yenyewe hiyo haipo. Na hekalu la vyumba vya kurusha watu nalo halipo, pale tulikuwa tunatembea kwa miguu mpaka tunachoka sisi.

Ulikuwa unacheza Open Tibia. Hizo ni seva za kuiga, watu waliandika programu inayojifanya seva ya Tibia, mwenye nayo anapanga mwenyewe joka litoe 700 au laki. Kumbuka vizuri, mwenye kafe kabla hajakufungulia gemu hakuwa anafungua kwanza kijiprogramu kidogo anaandika anuani? Hicho ndicho kilikuwa kinaigeuza gemu iende kwenye seva nyingine. Mwenye seva akizima mashine yake mji mzima umekwisha na leveli 250 zako humo humo, wenye tovuti hawana la kukufanyia, hawakuwahi kukujua.

Sasa mimi nina swali kwako, na nakuomba ulijibu kweli. Intaneti ikikatika pale kafe, nyie mlikuwa mnaendelea kucheza? Kama ndiyo basi seva ilikuwa chini ya meza ya mwenye kafe, na leveli zako zilifia Miyomboni. Ukikutana naye muulize kama ile hadi diski bado anayo, sitanii, watu wameokota miji mizima kwenye mashine za stoo.

Shikamoo. Mwaka 2007 nikiwa Thais, ule mji wa ndani ya gemu, nimekufa, nimepoteza mkoba wote, nikaandika "jamani nimekwisha" kwa Kiswahili kwa hasira tu. Mtu akanijibu "pole ndugu", akanipa mkoba na silaha. Nikamuuliza yuko wapi akaandika "kwenye baridi kama wewe", umeme ukakatika. Jina lake nakumbuka nusu, lilianza na Sir. Nitampataje? Na kwanini tulikuwa tunakufa hovyo vile? – Uyole

Marahaba mwanangu. Hii barua nimeisoma mara nyingi na bado sielewi alijuaje kuna baridi kwako, au ulishamwambia ukasahau.

Kwenye tovuti ya Tibia unaweza kutafuta mhusika yeyote, inakuonyesha leveli, mji anaokaa na mara ya mwisho kuingia ni lini, hata aliyebadilisha jina wakati mwingine jina la zamani linaonekana. Lakini inataka jina zima. Kwa "Sir" peke yake ni sawa na kusimama Kabwe stendi uite "kaka", watageuka wote. Huyo wa kwenye baridi anaweza kuwa Njombe, Limuru, au Mtanzania aliyekuwa anasoma Ulaya. Naliacha hapa gazetini: ndugu, kama ulimpa mtu mkoba pale Thais 2007 ukamwambia pole, tuandikie.

La kufa ni rahisi. Kabla kebo ya SEACOM, ile ya intaneti inayopita chini ya bahari, haijafika Dar Julai 2009 kafe nyingi huku zilikuwa zinatumia dishi. Setilaiti yenyewe iko kama kilomita 36,000 juu, mawasiliano yanapanda yanashuka, jibu linarudi yanapanda tena yanashuka, hapo nusu sekunde imeshaliwa kabla hata watu kumi na mbili wa kafe hawajagawana laini moja. Unaandika uchawi wa kujitibu, mwenzako wa Poland kashakuua. Na umeme ukikatika katikati ya vita mhusika wako hatoki, anabaki amesimama pale anapigwa, wewe uko gizani unatafuta mlango.

Mzee mimi nilicheza Tibia kwenye simu ya batani, wenzangu wananiita muongo mpaka leo. Nilikuwa naota? – Tukuyu

Hukuota. Ilikuwepo, inaitwa TibiaME, CipSoft hao hao waliitoa 2003, moja ya gemu za mwanzo kabisa duniani za watu wengi kukutana kwa simu. Siyo dunia ile ile ya kwenye kompyuta ila ni ndugu. Wape hili gazeti wasome, halafu wakulipe soda, na baridi ya Tukuyu ilivyo waambie afadhali iwe chai.