Jibu: Mashine ya kumwaga chumvi kwenye barafu, plastiki au chuma?

Waalaikum salaam kaka. Umeuliza mpwa wako aliyeko Minnesota, Marekani, anunue mashine ipi ya kumwaga chumvi ili iyeyushe barafu kwenye maegesho ya magari. Anunue yenye tangi la plastiki, au chuma kisichoshika kutu akijaliwa pesa. Wewe mtu wa Nyali umeona upepo wa bahari unavyokula mabati. Sasa fikiria chuma kinacholala na chumvi tumboni.

Lakini kununua ndiyo kazi ndogo. Nilifanya kibarua hicho misimu mitatu kabla ya kurudi hapa Kisauni, na mashine yangu ya kwanza niliiua mwenyewe kwa uvivu: usiku nimechoka, nikaacha chumvi ndani. Asubuhi imeshikana kama jiwe, mota ikalazimishwa, ikaungua. Kwa hiyo mpwa wako kila akimaliza kazi aimalize chumvi yote, aoshe ndani ya gereji (nje maji yanaganda papo hapo), hasa ile sahani inayozunguka na kurusha chumvi. Kisha grisi kwenye beringi, na grisi maalumu ya viungio vya umeme, ya kuzuia unyevu, kwenye viungio vya nyaya.

Baridi ikipita nyuzi -9 hivi za Selsiasi, chumvi ya kawaida huyeyusha polepole mno. Achanganye na kloridi ya kalsiamu, chumvi ya aina nyingine inayoyeyusha barafu hata kwenye baridi kali zaidi.