Gari Limeinuliwa, Mbona Difu Bado Inakwangua?

Mvua zikianza, barua za safu hii hubadilika. Kiangazi mnaniuliza rejeta na breki. Masika yakiingia, karibu kila mtu anataka kujua gari lake liinuliwe kiasi gani. Ninajibu barua nne leo, na ya kwanza nitakaa nayo kwa sababu jibu lake linawahusu wengi. Kwa mgeni wa safu: difu ni kile kifuko cha gia chini ya gari kinachogawa nguvu kwa tairi la kulia na la kushoto.

Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser hardtop ya mwaka 2004, napeleka wageni Ziwa Natron kutoka Mto wa Mbu. Nimefungiwa koili ndefu mbele, na nyuma nimeongezewa vyuma kwenye springi. Nimepima kwenye bampa: gari limepanda sentimita 5. Lakini nikipita Engaruka, pale njia ilipochimbika pande zote mbili na kuacha tuta katikati, difu ya nyuma inakwangua vilevile kama zamani. Halafu kwenye makorongo tairi moja sasa linaning'inia hewani, jambo ambalo halikuwepo. Fundi aliyenifungia anasema nitazoea. Je, nimeibiwa? – Dereva, Mto wa Mbu

Marahaba, dereva. Springi ulizonunua zimefanya kazi yake. Zimeinua chasi, yaani fremu ya gari, na bodi. Difu hazikuigusa, kwa sababu difu ya hardtop haikufungwa kwenye chasi. Gari lako lina ekseli nzima, chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi, mbele na nyuma, na difu imo ndani ya chuma hicho. Ekseli inabebwa na matairi, springi zinakaa juu ya ekseli, na chasi inakaa juu ya springi. Ukiongeza kitu hapo juu, hata ufunge springi za lori, unamwinua abiria na kuiacha difu palepale ilipokuwa.

Kinachoinua difu ya gari la namna hii ni kimo cha tairi peke yake, tena unapata nusu tu ya unachoongeza. Tairi likiongezeka kipenyo kwa sentimita 2, kitovu cha gurudumu kinapanda sentimita 1, na difu inapanda nacho. Tupige hesabu kwa saizi mnazozifahamu. Tairi la 265/70R16 lina kipenyo cha takriban milimita 777. La 265/75R16 lina 804. Umetumia fedha za matairi manne na la akiba, difu imepanda milimita 13, upana wa kidole. Ukienda hadi 285/75R16, lenye takriban 834, difu imepanda milimita 28. Hapo utaona tofauti kwenye tuta la Engaruka, lakini spidomita itakudanganya: ikisoma 80, gari linakwenda karibu 86. Injini itavuta kwa uzito zaidi na breki zitakuwa na kazi kubwa zaidi. Na ukikata usukani hadi mwisho, hakikisha tairi haligusi chasi wala madigadi.

Je, sentimita 5 za kwenye bampa zimepotea bure? Hapana. Bampa sasa haligusi ukingo unapoanza kupanda kutoka korongoni, tenki la mafuta liko mbali zaidi na mawe, na umepata nafasi ya tairi kubwa siku ukilitaka. Hayo ni mambo ya maana. Ila hayakuwa tatizo ulilopeleka gereji, na mtu anayechukua fedha ya dereva anapaswa kulala chini ya gari kwanza, aangalie ni chuma gani kimekwanguliwa, ndipo aseme dawa yake.

Sasa tairi linaloning'inia, na hili linanihangaisha kuliko difu. Tairi lina safari mbili: kupanda kuelekea bodi linapokutana na jiwe, na kushuka mbali na bodi linapokutana na shimo. Watu wengi wanafikiria kupanda tu. Kwenye korongo, kinachokuokoa ni kushuka, maana tairi lisilofika chini halisukumi gari, na lisilosukuma linazunguka bure huku lile la upande wa pili limesimama. Mwisho wa kushuka, mara nyingi, ni urefu wa shokapu. Wewe umebadilisha springi ukaacha shokapu zilezile. Springi ndefu imeinua gari, kwa hiyo shokapu sasa inaanza safari ikiwa tayari imenyooka kwa sentimita 5. Kilichobaki cha kushukia ni kidogo. Tairi likiingia shimoni, shokapu inafika mwisho, inagonga, na tairi linabaki hewani. Kama unasikia mlio wa "ko!" nyuma, ndio huo, na ukiendelea hivyo utakata sikio la shokapu au utang'oa kishikio chake kwenye ekseli.

Una njia mbili. Ya kwanza, ufunge shokapu ndefu zinazolingana na springi mpya, kisha ukague mpira wa breki unaokwenda kwenye ekseli usije ukavutika, na pembe ya propela, ule mti wa chuma unaopeleka nguvu kwenye difu, isiwe kali. Ya pili, urudishe springi za kimo cha kiwandani zenye nguvu ya kubeba uzito wako halisi, na fedha iliyobaki uiweke kwenye matairi. Mimi ningechukua ya pili bila kusita. Unabeba watu juu ya gari lenye paa la kufunguka, mizigo juu, na wageni wanaosimama kutazama. Kila sentimita unayoinua uzito huo inakusogeza karibu na kupinduka kwenye mteremko wa upande, na ile njia yenu ina miteremko ya upande mingi.

Usisahau pia kwamba ekseli nzima ina fadhila zake. Tairi moja likipandishwa na jiwe, ekseli inainama na kulisukuma la pili chini, likanyage. Na ukijaza wageni saba na mahema yao, bodi inashuka lakini difu haishuki zaidi ya pale tairi linapobonyea. Toyota walipoleta mfululizo wa 70 mwaka 1984, hardtop ilikuwa na springi za vyuma vya kupangana mbele na nyuma. Mwaka 1999 mbele wakaweka koili na kuiacha ekseli nzima, na hapo magurudumu ya mbele yakaanza kufuata ardhi vizuri zaidi. Land Rover walikuwa wameshafika huko mwaka 1983 kwa One Ten yao, koili mbele na nyuma, na ndiyo maana madereva wakongwe wa Arusha hadi leo wanakwambia Land Rover "inakanyaga". Wanasema kweli. Kimo cha difu ya magari haya mawili hakipishani sana. Walichokuwa wakikisifu ni mwendo wa springi.

Kwenye lile tuta la katikati, hamisha gari: tairi moja likanyage juu ya tuta, jingine likanyage ukingo wa nje, na mtaro upite katikati ya magurudumu. Difu itapita hewani. Ukiona gari litainama mno upande mmoja, shuka utembee kwanza kwa miguu.

Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Lushoto na naenda Mtae mara kwa mara. Subaru Forester yangu iliwekewa spesa, vipande vya kuinulia gari, za sentimita 4 Dar es Salaam. Nilifurahi, mawe hayagusi tena. Lakini raba za draivu shafti za mbele zimepasuka, nikabadilisha, zikapasuka tena. Nauziwa raba feki? – Mwalimu, Lushoto

Pole sana, mwalimu. Huenda raba ni nzima kabisa. Gari lako ni kinyume cha lile la dereva wa Mto wa Mbu. Forester haina ekseli nzima. Kila tairi linapanda na kushuka peke yake, na difu imefungwa kwenye bodi. Kwa hiyo ukiinua bodi, kila kitu cha chini kinapanda, na difu pia. Ndiyo maana umeona faida mara moja.

Gharama yake iko kwenye shafti. Difu imepanda, tairi limebaki chini, na shafti inayounganisha viwili hivyo sasa imelala kwa mteremko muda wote. Spesa inakaa juu ya shokapu, haibadilishi safari ya shokapu yenyewe. Inaisogeza yote chini kwa sentimita 4. Tairi likishuka shimoni, linashuka chini kuliko waliotengeneza gari walivyopanga, jointi inakunjika kupita kiasi, mikunjo ya raba inasuguana, inapasuka, grisi inatoka na vumbi la Usambara linaingia. Baada ya hapo jointi inaanza kulia "ta-ta-ta" kwenye kona, na kona za kwenda Mtae wewe unazijua kuliko mimi.

Toa hizo spesa. Kama lazima ubaki na kitu, weka za sentimita 2, na gari lipelekwe kwenye alaimenti, kunyooshwa magurudumu, siku hiyohiyo. Kisha angalia matairi: kama una 225/60R17, kuhamia 225/65R17 kunaongeza kipenyo kwa milimita 22, na gari zima linapanda milimita 11 bila kuikunja shafti hata kidogo. Jaribu tairi moja kwanza, uzungushe usukani mwisho hadi mwisho, uone halikwaruzi popote. Halafu litengenezee gari bamba la chuma la kukinga sampu ya oili, lile bakuli la chini ya injini. Kwa barabara yako, bamba hilo lina thamani kuliko spesa yoyote.

Jambo jingine: zile sentimita karibu 22 za uvungu zinazotajwa kwa Forester ni za gari tupu. Ukipakia walimu wanne na magunia mawili ya viazi, springi zinabonyea na uvungu wote unapungua, difu ikiwemo. Kwenye gari la namna hii, kupunguza mzigo ni kuinua gari.

Sasa fundi. Niko Nakuru, nina Jimny. Nimetazama magari ya shindano la Rhino Charge yakipita kwenye magenge, tairi moja juu kifuani, jingine chini kabisa, na gari linaenda tu. Nikitoa stabilaiza yangu nitapata hiyo? – Kijana, Nakuru

Utapata sehemu yake. Stabilaiza inafunga magurudumu mawili ya ekseli moja yasitofautiane sana, ili gari lisilale kwenye kona. Porini inayanyima magurudumu nafasi ya kupanda na kushuka, lamini inakulinda. Basi ifungue ukifika porini na uirudishe kabla hujagusa barabara ya Nairobi. Usiitupe. Jimny ni fupi na nyembamba, na bila stabilaiza ukikwepa pikipiki kwa ghafla kwenye mwendo wa 90 unaweza kupinduka.

Lile shindano mnalo tangu 1989, limechangia mno uzio wa umeme wa msitu wa Aberdare, na ninaliheshimu. Lakini kumbuka ni vituo 13 ndani ya muda wa saa kumi, mshindi ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi, kwa hiyo wanakata moja kwa moja kwenye magenge ambayo wewe huna sababu ya kupita. Jimny yako, kama ni toleo jipya la milango mitatu, imetoka kiwandani na pembe ya nyuzi 37 ya kukabili mlima kwa mbele, 28 ya kuvuka tuta katikati na 49 ya nyuma, na uvungu wa milimita 210 kwenye difu. Ni gari lililokamilika. Fedha yako ya kwanza iende kwenye difu loki ya nyuma, maana kwa loki hata tairi likining'inia, lile lililokanyaga bado linasukuma.

Fundi, kampuni yetu imerefusha chasi ya Land Cruiser ili kuongeza viti. Kule Ndutu nikivuka kingo za vijito, tumbo linakaa juu ya ukingo, magurudumu yote manne yanacheza. Bosi anasema niongeze mwendo. – Dereva, Karatu

Usiongeze mwendo. Mwambie bosi wako hesabu hii. Hardtop ya kiwandani ina sentimita 298 kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma. Tuseme tumbo la gari liko sentimita 30 juu ya ardhi. Mkirefusha chasi ikafika sentimita 370, ili muweze kuvuka tuta lilelile mnahitaji tumbo liwe sentimita 37. Hizo 7 hamjaziongeza, na hakuna mwendo utakaozileta. Ukiingia kwa kasi, sehemu ya mbele inaruka, tumbo linatua kwa uzito wote juu ya ukingo, na chasi ambayo imekatwa na kuchomelewa inapata pigo mahali ambapo haikutakiwa kupigwa.

Vuka kwa mshazari, tairi moja lipande kabla ya mwenzake, ili tumbo lisikutane na ukingo mahali pa juu kabisa. Hapo ndipo utahitaji springi zenye mwendo mzuri, kwa hiyo kagua bushi na shokapu kila mnaporudi. Beba jembe, na kabla ya kuvuka ung'oe kilele cha ukingo. Udongo mweusi wa Ndutu ukiwa na unyevu unakatika kwa urahisi. Mvua ikiwa imenyesha usiku, subiri gari la chasi fupi lipite kwanza, na kamba yako iwe imeshafungwa mbele kabla hujaingia, kwa sababu ukishakaa tumbo, kuifikia ndoano chini ya matope yale ni kazi ya saa nzima wageni wakiwa juani.