Kompyuta inajuaje kwamba nimekosea namba?

SWALI: Ninasajili vitabu vya maktaba. Msimbopau, yaani ile mistari myeusi na myeupe yenye namba chini yake, ukichubuka, naandika namba zake kwa mkono. Nikikosea tarakimu moja tu, kompyuta inakataa papo hapo, hata kama kitabu ni kipya na hakimo kwenye orodha yetu. Inajuaje?

JIBU: Nami nilianzia kwenye kazi hiyo hiyo, na siku nilipoelewa jambo hili nilichukua kalamu nikahakiki rafu nzima.

Kompyuta haikijui kitabu chako. Katika zile tarakimu 13, habari zimo kwenye 12 za mwanzo. Ya mwisho imekokotolewa kutokana nazo. Chukua 978123456789. Anzia kushoto: jumlisha ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea, upate 37. Zilizobaki zina jumla ya 32. Zidisha kwa 3, upate 96. Jumla kuu ni 133. Ili ifike 140, inayogawanyika kwa 10 bila baki, inahitajika 7. Basi namba kamili ni 9781234567897. Ukiandika 9 mahali pa ile 4, jumla yote inakuwa 145, na mashine inakataa. Kosa la tarakimu moja halipenyi kamwe.

Sasa itazame mistari ya hiyo 7 ya mwisho kwenye msimbopau kwa karibu, ikiwezekana kwa kioo cha kukuzia. Kila tarakimu iliyochorwa hupewa vijinafasi 7 vyenye upana sawa. Hapo utaona cheusi kimoja, vyeupe vitatu, cheusi kimoja, vyeupe viwili. Mashine humulika na kupima mwanga unaorudi: cheupe hurudisha mwingi, cheusi hurudisha kidogo.

Na hesabu vizuri: zilizochorwa ni tarakimu 12 tu! Ile 9 ya mwanzo haina mistari yake. Kila tarakimu ya nusu ya kushoto inaweza kuchorwa kwa namna mbili, na mpangilio wa namna hizo katika zile sita ndio unaoitaja 9. Kwangu mimi, hapo ndipo penye ufundi mkubwa kuliko pote.

Jihadhari na jambo moja, hasa ukiwa umechoka. Tarakimu mbili jirani zinazotofautiana kwa 5 zikibadilishana nafasi, mfano 27 ikawa 72, jumla hupanda au kushuka kwa 10 kamili, na kosa linapita. Ukiona jozi kama hiyo kwenye namba unayoandika, isome mara ya pili kabla ya kuihifadhi.