Ua Linaloliwa: Maswali Yenu ya Bustani ya Nyumbani

Mpapai wangu wa mbele ya nyumba una mwaka wa pili, unachanua tu, hauzai. Jirani ananiambia niupigilie msumari. (Tegeta)

Usiupoteze msumari. Tazama maua: yakining'inia makundi kwa makundi kwenye vikonyo virefu, huo ni dume. Ua la jike ni nene, limekaa karibu kabisa na shina. Upo pia mpapai wenye ujike na udume katika ua moja, na ndio huzaa yale mapapai marefu wanayopenda wachuuzi. Jike huzaa ya mviringo. Kwenye mche huwezi kujua, kwa hiyo panda mitatu katika shimo moja, ngoja ichanue, kisha bakisha mmoja unaofaa. Mbegu zitoe kwenye papai refu, maana madume yatapungua. Huo ulio nao, ukiwa dume, kata, isipokuwa kama una majike jirani yake, hapo dume lina kazi ya kuyachavusha.

Mume wangu anataka maua, mimi nataka mboga. Uwanja ni mdogo. (Tanga)

Pandeni choya. Ua lake zuri, na kile kikombe chekundu kinachobaki likinyauka ndicho kinachochemshwa juisi. Majani machanga nayo ni mboga yenye ukakasi mtamu. Pembeni mwa njia wekeni mchaichai badala ya ukoka. Mchicha mwekundu mbele, bilinganya nyuma yake, zina maua ya zambarau ambayo shemeji yangu hatayalalamikia. Alamanda tu msiichanganye humo: ina sumu, na watoto wakizoea kuchuma hawachagui.

Maji ya kufulia yanafaa kumwagilia? (Mombasa)

Kwenye mgomba na mpapai, ndiyo, mkipokezana na maji safi ili chumvi ya sabuni isirundikane. Mchicha na kotimiri, hapana.

Tuna kisamvu cha mpira kwenye uzio. Wengine wanasema kinaua. (Morogoro)

Kikipikwa ovyo ni hatari kweli, kwa kuwa majani ya mihogo, ya mti na ya shambani, yana sumu ya sayanaidi. Bibi zetu hawakutwanga kwa kupenda kelele za kinu: kutwanga kunaifungua sumu, na kuchemsha muda mrefu bila mfuniko kunaiondoa na mvuke. Nazi na karanga ni baada ya hapo. Anayekisaga kwa mashine akakipa moto wa dakika kumi, msile kwake.

Mimi ni mpangaji, mwenye nyumba hataki nichimbe. (Buguruni)

Tafuta viroba vya unga, toboa chini, jaza udongo na samadi iliyooza. Panda matembele. Usichume kirando kizima, chuma majani na ncha, yatachipua tena na tena. Siku ya kuhama kata marando ya futi moja, yafunge kwenye kanga mbichi, uondoke na bustani yako.