Unahamia kijijini na watoto, na mtu mzima ni wewe tu

Wanaoniuliza kuhusu kuhamia kijijini karibu wote huanza na nyumba: vyumba vingapi, bustani ipo, inatazama mlima au mto. Mimi huwarudishia swali jingine. Ukiugua ghafla saa nane usiku, nani anakuja kukaa na watoto? Wenye wenza hawaliwazi sana swali hili, maana jibu lao limelala kitanda kimoja nao. Sisi tunaolea peke yetu inabidi tulitafutie jibu kabla ya kufunga mizigo, na kwa niliyoyaona, jibu hilo ndilo linalochagua kijiji. Mandhari yanafuata baadaye sana.

Nilihama mjini na watoto wawili, mdogo akiwa hajaanza shule. Sababu zangu ni zile zile za wengi: kodi ya nyumba ilikuwa inameza mshahara, watoto walikuwa wanakulia ndani ya kuta nne, na kazi yangu inafanyika popote penye intaneti. Sikuambii kwamba kijijini ni bora kuliko mjini. Katika vijiji nilivyovitembelea, vipo ambavyo ningevikimbia ndani ya mwezi. Nitakueleza tu nilivyochuja.

Kwanza nilifuta nyumba zote zilizo peke yake mashambani, hata zile nzuri na za bei nafuu. Shamba lililojitenga, lenye njia ndefu ya vumbi hadi barabarani, ni ndoto inayowafaa watu wazima wawili wenye magari mawili. Mzazi mmoja akiteguka mguu huko, familia nzima imekwama. Kipimo changu kilikuwa hiki: mtoto wa miaka saba aweze kufika kwa jirani akikimbia, usiku, bila kupotea. Pembezoni mwa kijiji kidogo chenye shule, duka na zahanati unapata ukimya ule ule, na taa ya mtu mwingine unaiona.

Ila jirani kuwepo ni jambo moja, na jirani kukufaa ni jambo jingine. Hili la pili hulijui kwa kupita na gari siku ya mapumziko. Nenda ukae, hata kwenye chumba cha kukodi, siku za kazi na siku za mapumziko. Angalia watoto wakitoka shule wanaelekea wapi. Je, wanaingia nyumba za wenzao bila kubisha sana, au kila mmoja anafungiwa kwao? Tafuta watu waliohamia pale kutoka kwingine, kwa sababu dalali na mwenye nyumba watakusifia tu, na wenyeji waliozaliwa hapo hawajui mgeni anavyopokelewa. Hao wahamiaji waulize: mara ya mwisho ulipoumwa, nani alikuja? Anayejibu papo hapo kwa jina la mtu anaishi mahali pazuri. Anayeanza kufikiri, naye amekujibu.

Kuna kitu kingine nilikuwa nakitegea sikio, na ninakipendekeza kwa kila mzazi wa aina yetu: wanavyomsema mtu ambaye hayupo. Mjane, aliyeachika, binti aliyezaa akiwa kwao. Katika kijiji kidogo utasemwa, hilo halina mjadala. Swali ni unasemwaje. Mahali ambapo kila hadithi ya mwanamke asiye na mume inaishia kwenye kicheko, mimi nilishukuru, nikaaga. Akina baba wanaolea peke yao nao wana lao: wapo watu watakaokutilia shaka kila ukimbeba mtoto wako, na wapo watakaokuona kama shujaa kwa kumsuka nywele. Yote mawili yanachosha.

Upande wa pili wa jambo hili haupendezi kuusema. Kwa kuwa unahitaji msaada, utapata kishawishi cha kumkabidhi mtoto kwa jirani wa kwanza atakayekuwa mkarimu. Usiharakishe. Jenga kaya mbili au tatu unazoziamini, polepole, ukianza na watoto kucheza huku nawe upo. Wala si kila mtu anahitaji kujua, wiki ya kwanza, kwamba usiku hakuna mtu mzima mwingine ndani.

Wengine wataniambia, si bora kurudi walipo ndugu? Huenda. Bibi au babu mwenye nguvu, aliye umbali wa dakika chache, ni zaidi ya nyumba yoyote utakayoiona kwenye tangazo. Lakini ndugu huja na maoni, na mzazi aliyerudi kwao na watoto mara nyingi huanza kulelewa upya mbele ya watoto wake. Kama uhusiano wenu ulihitaji umbali ili uwe mzuri, kijiji cha saa moja kutoka kwao kinaweza kuwafaa kuliko nyumba ya jirani. Mimi nilichagua saa moja.

Tuje kwenye afya. Swali la "hospitali iko kilomita ngapi" halisaidii. Uliza dakika, usiku, katika msimu mbaya kuliko yote. Kama barabara inapita kwenye daraja moja, uliza maji yakijaa watu hupita wapi. Halafu ingia zahanati yenyewe, uongee na muuguzi. Je, wanafungua mwisho wa wiki? Gari la wagonjwa linatoka wapi? Wana chanjo ya kichaa cha mbwa, au ni lazima usafiri? Mtoto akiumwa na mbwa, jeraha huoshwa kwa maji na sabuni kwa dakika 15 hivi, kisha chanjo inatakiwa bila kuchelewa, kwa sababu dalili zikishaanza ugonjwa huo karibu kila mara huua. Kama eneo lina nyoka wenye sumu, uliza dawa ya kuipinga sumu hiyo inapatikana hospitali ipi, na ujue njia ya kwenda huko moja kwa moja. Mwenye mtoto mchanga wa chini ya miezi mitatu akumbuke kwamba joto la nyuzi 38 kwa umri huo ni la kupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo, halisubiri basi la kesho asubuhi. Na kama mtoto wako anatumia insulini, akiba yake inahitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo umeme unaokatika mara kwa mara kwako ni suala la dawa.

Watoto wako wakiwa wazima kabisa, utaona nakuza mambo. Ila mtoto mmoja anapougua, mwingine naye huwa macho, na wewe ndiye dereva.

Hapo pa udereva ndipo shule inapoingia. Shule nzuri iliyo mbali itakudai safari nne kwa siku, kwenda na kurudi asubuhi na mchana, na hakuna wa kupokezana naye. Mimi niliichukua shule ya wastani ambayo watoto wanaifikia kwa miguu, kwa njia isiyo na magari ya kasi, na sijutii. Saa zilizobaki ndizo ninazofanyia kazi, na kazi ndiyo inayolipa vitabu. Usitishike ukikuta madarasa mawili yanafundishwa na mwalimu mmoja chumba kimoja. Mwalimu mzuri hulimudu hilo, na wadogo hujifunza mengi kwa kuwasikiliza wakubwa. Cha kuchunguza zaidi ni idadi ya wanafunzi. Kama inapungua kila mwaka, shule hiyo inaweza kufungwa au kuunganishwa na nyingine kabla mwanao hajamaliza. Tena usiishie shule ya msingi. Mtoto wa miaka sita ana miaka sita leo tu. Kama sekondari ya karibu ni ya bweni, au iko mwendo wa saa nzima, jua sasa kwamba utahama tena au mtatengana.

Maji nitayasema kwa urefu kidogo kwa sababu watu huyaamini kwa macho. Maji ya kisima yanaweza kuwa meupe, baridi, matamu, na yasimfae mtoto. Yapeleke maabara kabla ya kusaini mkataba. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi nitrati zinazotokana na mbolea na kinyesi, wala floridi inayotoka kwenye miamba. Maji yakipungua sufuriani, hivyo viwili vinazidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 za nitrati na 1.5 za floridi kwa lita. Nitrati nyingi ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, na floridi ikizidi hutia madoa meno yanayoota, kisha ikidhuru hata mifupa. Angalia pia choo au shimo la majitaka liko wapi. Umbali unaopendekezwa na wengi ni mita 30 kutoka kisimani, huku kisima kikiwa upande wa juu wa mteremko, na udongo wa mchanga au miamba yenye nyufa hudai zaidi ya hapo.

Kuhusu intaneti, usikubali kuambiwa "mtandao upo". Kaa ndani ya nyumba, mlango umefungwa, upige simu ya video saa za jioni ambapo kila mtu yuko mtandaoni. Intaneti ya setilaiti ya zamani, ile iliyo juu kilomita 36,000 hivi, hutosha kwa barua pepe lakini huchelewesha sauti kwa karibu nusu sekunde, na mikutano inakuwa ya kukatizana maneno. Za setilaiti zinazozunguka chini zaidi hazina tatizo hilo, ila zina gharama zake. Jenereta, ukilazimika kuwa nayo, ikae nje kabisa, mbali na madirisha. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu wala rangi, na kwenu hakuna mtu mzima wa pili wa kustuka.

Kilimo? Panda bustani, fuga kuku ukipenda. Usipange bajeti ya mwaka wa kwanza kwa mazao ambayo hujawahi kuyaona yakivunwa.

Kuna suala ambalo wengi hulifikia mwisho wakati lilipaswa kuwa la kwanza: mzazi mwenzako. Kama yupo hai na ana haki yoyote kisheria kwa mtoto, kuhama mbali kunaweza kuhitaji ridhaa yake au ruhusa ya mahakama, hata kama ni wewe unayelala na watoto kila siku. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 unamtambua mtoto kuwa na haki ya kuendelea kuonana na wazazi wote wawili mara kwa mara, isipokuwa hilo likimdhuru. Ukivuka mpaka wa nchi bila ridhaa, nchi zilizojiunga na Mkataba wa The Hague wa 1980, unaohusu watoto wanaopelekwa nchi nyingine kinyume cha sheria, zinaweza kuamuru mtoto arudishwe alikotoka. Zungumza na mwanasheria wa familia kabla ya kulipa kodi. Na hata pasipo mvutano wowote, weka kwenye hesabu nauli za mtoto kwenda kumwona mzazi wa pili, kwa sababu kijiji ulichokichagua kwa ukimya wake kwa kawaida hakiko kwenye njia ya basi la haraka.

Ukishapapata mahali, panga kwanza, usinunue. Ingia msimu mgumu, uwe wa mvua, wa baridi au wa kiangazi, kwa kuwa kila kijiji kinapendeza msimu wake mzuri. Kwenye mkataba omba kifungu cha kuondoka mapema kwa notisi fupi, na tenga pesa za kuhama tena, uzisahau benki. Wenye nyumba wengine watanuna ukitaja kifungu hicho. Mimi aliyenuna sana nilimwacha na nyumba yake.

Mwisho ni makaratasi. Chukua barua ya uhamisho shuleni, kadi za chanjo, faili la kliniki, nakala za amri ya mahakama kama ipo, na dawa za mwezi mzima kwa mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu. Vyeti vya kuzaliwa visipande lori la mizigo. Viwe kwenye mkoba wako, pamoja na chaja na nguo za kubadilisha za mtoto anayetapika safarini.